Jahazi na maisha ya chomboni: msamiati, maana na matumizi

Jahazi (nomino; ngeli ya LI-YA; wingi: majahazi) ni chombo kikubwa cha mbao chenye mlingoti mmoja au miwili, kiendacho kwa tanga linalofungwa kwenye foromali, yaani ule mti mrefu unaolala kishazari juu ya mlingoti. Kwa karne nyingi vyombo vya namna hii vilichukua shehena na abiria kati ya pwani ya Afrika Mashariki, Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Neno jahazi lina asili ya Kiarabu. Watu wa pwani, hata hivyo, aghalabu husema chombo tu, na msikilizaji akaelewa kuwa hazungumziwi sufuria wala jembe: “Chombo kimeondoka alfajiri.”

Makala hii inaeleza msamiati wa maisha ya chomboni katika safari ya bahari kuu. Haikusudii kutaja kila kamba na kila ubao. Inakusudia kuonesha kuwa maneno ya ubaharia yalikuwa mfumo mmoja wa kazi, ambamo kila neno lilieleweka kwa kutazamana na jingine: tezi kwa omo, joshi kwa demani, kutweka kwa kutua. Sehemu kubwa ya maneno hayo yamehamia nchi kavu, nasi twayatumia kila siku katika methali, habari za michezo na hotuba. Aliyasikiaye huko tu, bila kukijua chombo, hushika nusu ya maana.

1. Aina za vyombo

Jahazi ni jina la jumla na pia jina la aina mahususi. Mashua ni ndogo kuliko jahazi. Ngalawa ni gogo lililochongwa na kuwekewa mbao za kuelea, yaani matengo, kila upande, na haikuundwa kwa safari ya bahari kuu. Bumu, chombo kilichopendwa mno Kuwait, kimechongoka mbele na nyuma. Bagala kilikuwa na shetri pana lililonakshiwa. Mtepe ulikuwa tofauti na vyote hivyo, kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Vyombo vya kushonwa katika pwani hii vinatajwa tayari na mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza, katika mwongozo wa biashara ya Bahari Hindi ujulikanao kwa jina la Periplus. Mtepe haupo tena baharini, bali jahazi bado huundwa, miongoni mwa mahali pengine, Matondoni karibu na Lamu na Nungwi kisiwani Unguja.

2. Msimu: mwaka wa pepo

Safari ya jahazi haikuanza siku ambayo nahodha alitaka kuondoka. Ilianza siku ambayo upepo ulimruhusu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, nao ndio ulioleta vyombo vya Uarabuni na Ghuba. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, nao ndio uliovirudisha. Majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini, yameundwa kwa majina ya pepo hizi pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kwa Mswahili, basi, kaskazini ni kule unakotoka kaskazi. Neno msimu (pia musimu) ni la Kiarabu, mawsim, na ndilo pia lililozaa jina la pepo hizi katika lugha za Ulaya.

Kati ya pepo mbili kuna kipindi cha upepo usiotulia kiitwacho tangambili au maleleji. Mwisho wa kusi, upepo unapolegea, huitwa demani. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka na manahodha wa masafa marefu hawakuthubutu. Waliondoka mapema, kusi lilipoanza, au walingoja demani.

Gharama ya kuipuuza kalenda hii yaonekana katika safari ya Vasco da Gama. Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepatiwa na mfalme wa mji huo, akaiona nchi ya India katika muda usiotimia mwezi. Mwaka huo huo aling’oa nanga kurudi mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi halijakaa sawa. Bahari ile ile ilimchukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Usemi kwamba jambo fulani “si msimu wake” una uzito wa namna hiyo ndani yake.

3. Watu wa chomboni

Nahodha (wingi: manahodha) ni neno la Kiajemi lililoundwa kwa nav, chombo, na khuda, bwana. Nahodha alikuwa mkuu wa safari, wa biashara na wa nidhamu. Mara nyingi ndiye aliyeamua bei ya shehena na bandari ya kufuata, na wakati mwingine ndiye mwenye chombo.

Serahangi (pia sarahangi), nalo la Kiajemi, ni msaidizi wa nahodha na msimamizi wa mabaharia. Rubani ni ajuaye njia, hasa miamba na milango ya bandari. Karne ya 20 ilimpandisha angani, na leo rubani asiye wa ndege huhitaji kuelezwa. Katika maandishi ya Kiarabu ya ubaharia, mjuzi wa nyota na njia za bahari kuu huitwa muallim, neno lile lile lililotupatia mwalimu. Mshika usukani hukaa tezi, mkono juu ya kana, yaani mpini wa usukani. Mpishi ana cheo cha chini, lakini hakuna anayethubutu kumuudhi.

Baharia ni kila mwenye kazi chomboni. Abiria ni aliyelipa nauli, na hana kazi ila asiwe njiani tanga linapogeuzwa. Mwandishi Alan Villiers wa Australia, aliyesafiri kwa bumu la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, anaeleza chombo kilichobeba abiria zaidi ya 100 juu ya shehena. Sitaha iligeuka kuwa mtaa mzima: watu walilala, wakapika, wakagombana na wakapatana mahali pamoja.

Jambo jingine analolieleza Villiers lina umuhimu kwa anayefasiri maandishi ya zamani. Baharia wa masafa marefu hakupewa mshahara wa mwezi. Alipata fungu la mapato baada ya gharama za safari kutolewa, na kwa kuwa familia yake ilihitaji kula wakati yeye yuko baharini, alichukua karadha mapema. Wengi walirudi nyumbani wakiwa na deni lililowafunga kwa nahodha yule yule msimu uliofuata. Aliruhusiwa kuchukua kasha lake lenye bidhaa kidogo za kuuza bandarini, na mara nyingi kasha hilo ndilo lililokuwa faida yake halisi. Kwa hiyo, panapoandikwa kuwa “baharia alipata fungu lake”, isifasiriwe kuwa alilipwa ujira. Alishiriki hasara kama alivyoshiriki faida.

4. Pande za chombo: mhimili miwili

Chombo kina mihimili miwili ya mahali, na mkanganyiko mwingi wa kamusi unatokana na kuichanganya.

Mhimili wa kwanza ni wa chombo chenyewe, nao haubadiliki. Omo ni sehemu ya mbele. Tezi ni sehemu ya nyuma. Shetri ni jukwaa la nyuma lililoinuka, mahali pa nahodha na wageni wake. Dasturi ni mti utokezao mbele ya omo. Mkuku ni uti wa chini wa chombo, na mataruma ni mbavu zake. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji yote yaliyopenya hukusanyika.

Mhimili wa pili ni wa upepo, nao hubadilika kila chombo kinapogeuka. Goshi ni pembe ya mbele ya chini ya tanga, inayokazwa upande unakotoka upepo. Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma, upande unakoelekea upepo. Kutokana na hayo, upande wa goshini au joshi ni ule unaopigwa na upepo, na upande wa demani ni ule uliokingwa. Mtu aliyeketi upande wa demani asubuhi anaweza kujikuta joshini jioni bila kuondoka alipoketi.

Tofauti hiyo ilikuwa na maana katika maisha ya kila saa. Moto ulipokokwa, moshi ulikwenda demani. Aliyetaka kutema mate au kumwaga masazo alikwenda demani, na mgeni aliyekosea alifundishwa na upepo wenyewe. Haja kubwa na ndogo zilikidhiwa katika kisanduku cha mbao kilichoning’inizwa nje ya chombo upande wa tezi, juu ya mawimbi. Abiria aliyekwenda huko usiku alishika kamba kwa mikono miwili.

5. Kutweka na kutua

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kutweka tanga. Foromali ya jahazi la masafa huweza kuwa na urefu unaokaribia ule wa chombo chenyewe, nayo huinuliwa kwa jarari, kamba nene ipitayo kilele cha mlingoti. Mabaharia wote huvuta kwa pamoja. Kazi hiyo haiwezekani bila wimbo: mmoja hutoa, wengine huitika, na mvuto huangukia kwenye kiitikio. Mwito harambee ni wa jamii hiyo ya miito ya kuvuta na kuinua kwa pamoja, kabla haujawa kaulimbiu ya taifa la Kenya mwaka 1963.

Kinyume cha kutweka ni kutua: “Tueni tanga!” Vitenzi hivi viwili havikuzaliwa baharini. Ni vitenzi vya Kibantu vya mzigo. Mtu hutwikwa mzigo kichwani, naye hufika akautua. Baharia wa Kiswahili alilitazama tanga kama mzigo unaopandishwa na kushushwa, na vitenzi vya njia ya shambani vikamtosha. Kutua kumeendelea mbele zaidi: jua hutua, ndege hutua, moyo hutua.

Kubisha ni kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku. Chombo cha tanga hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Hukatisha kuume, kisha kushoto, na kwa kila mgeuko foromali huzungushwa upande wa pili wa mlingoti, kazi ya mikono mingi na ya hatari usiku. Kazi ya siku nzima ya kubisha huweza kukisogeza chombo mbele kidogo sana. Upepo utokao mbele huitwa pepo za omo.

6. Zamu: siku ya chomboni

Zamu (ngeli ya I-ZI) ni neno ambalo watumiaji wake wengi hawalihusishi tena na bahari. Katika ubaharia wa Kiarabu, zam ilikuwa kipimo cha saa tatu za safari. Mchana na usiku viligawika katika zamu nane. Kipimo hicho kilitaja muda na umbali kwa pamoja: bandari fulani iko zamu kadhaa kutoka hapa, kwa upepo mwema. Kiswahili kimehifadhi sehemu ya wajibu. Zamu ni muda ambao jukumu liko juu yako, na ukilala, wote wamo hatarini. Ndiyo maana twasema zamu ya ulinzi na zamu ya wauguzi, na mtoto aliyeambiwa kuosha vyombo huuliza, “Ni zamu ya nani?”

Siku yenyewe ilianza kabla ya jua, kwa adhana na sala sitahani, kila mmoja akiielekea kibla, ambayo mshika usukani aliweza kuieleza kwa mkono. Kahawa ilifuata. Kisha maji ya ngama yalikumbwa, kazi isiyo na sikukuu. Chombo cha mbao huvuja daima, na aliyekumba maji kwa upo asubuhi alijua atayakuta tena jioni. Upo ni kichoteo cha mbao. Siku hizi ni ndoo ya plastiki au pampu.

Upepo ulipotulia upande mmoja kwa siku nyingi, kama ufanyavyo katikati ya msimu, tanga halikuguswa, na mabaharia walishika kazi za mkono. Walisokota kamba za makumbi, wakashona tanga na kulitia viraka, wakachonga makapi. Walipofika ufuko salama wakati wa maji kupwa, walikilaza chombo ubavu na kukisafisha. Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba au nyuzi zilizolowekwa mafuta. Sehemu ya chini ya chombo hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili kuzuia wadudu watobowao mbao. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake humwonesha chombo asiyekiona bado.

Mchana jua lilipokuwa kali, chandalua kilitandwa juu ya shetri. Leo chandarua ni cha kuzuia mbu, lakini matumizi ya zamani yalihusu kitambaa chochote kilichotandwa juu kwa kivuli au kinga. Usiku watu walilala juu ya majamvi na juu ya shehena yenyewe. Aliyelala juu ya magunia ya tende alijiona mwenye bahati kuliko aliyelala juu ya boriti.

7. Maji na chakula

Maji ya kunywa huitwa maji ya pepo au maji baridi. Katika lahaja za pwani, baridi katika fungu hili haimaanishi kuwa yamepoa. Maana yake ni kwamba hayana chumvi. Mfasiri asiyelijua hilo atamnywesha baharia maji ya barafu mahali pasipokuwa na barafu. Maji yaliwekwa katika mapipa au tangi la mbao na kugawiwa kwa kipimo. Wudhuu na kufua vilikuwa vya maji ya bahari. Nahodha aliweza kuwa mkarimu kwa tende na kahawa, bali hakuwa mkarimu kwa maji.

Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu ya mchanga mafiga au mawe. Juu ya chombo cha mbao kilichopakwa mafuta, mchanga ule ulikuwa ndio ukuta kati ya chakula na maangamizi. Chakula cha kila siku kilikuwa wali, samaki, tende na samli kidogo. Katika vyombo vya pwani kulikuwa na nazi na ugali pia. Samaki walipatikana kwa kurambaza, yaani kuburura mshipi wenye ndoana nyuma ya chombo kiendacho. Wasipopatikana, kulikuwa na papa mkavu, ambaye pia alikuwa shehena. Watu walikula kwa makundi, sinia moja kwa watu kadhaa, na desturi ilikuwa kula kwa haraka na kupisha.

Shehena yenyewe ilifuata pepo. Kaskazi lilileta tende za Basra, chumvi ya Aden na papa wa Hadhramaut. Kusi lilirudisha boriti za mikoko kutoka Lamu na maingilio ya Rufiji, pamoja na nafaka, karafuu na bidhaa za mnazi. Boriti hizo ziliezeka nyumba za Ghuba, mahali pasipo misitu, na upana wa vyumba vya zamani, huko na katika miji yetu ya mawe, ulipimwa na urefu wa mti wa mkoko. Chombo kisichokuwa na shehena ya kutosha kilipakia farumi, yaani mawe au mchanga wa kukituliza.

8. Kujua njia

Karibu na pwani, nahodha alisoma vilima, minara, rangi ya maji na mkondo. Kina kilipimwa kwa bildi, tonge la risasi lililofungwa kwenye kamba, na kutajwa kwa pima. Katika bahari kuu kulikuwa na dira na nyota. Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa karne ya 15 aliyeandika kwa nathari na kwa tungo juu ya njia za bahari, alieleza jinsi ya kupima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho ili kujua mtu amefika kusini au kaskazini kiasi gani. Pande za dira katika mapokeo hayo zina majina ya nyota. Kiswahili cha zamani kilihifadhi mawili: jaa kwa upande wa kaskazini, kutokana na jina la nyota ya ncha, na suheli kwa upande wa kusini, kutokana na nyota yenye jina hilo. Kilimia, jamii ya nyota iliyomwongoza mkulima, ilimwongoza baharia pia.

Siku za mwaka zilihesabiwa kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka, kwa miongo ya siku kumi kumi. Hesabu ya Kiislamu ya miezi haifuati jua, kwa hiyo haikuweza kumwambia nahodha lini kaskazi litaanza, mwongo uliweza.

9. Majina ya kukopa, vitenzi vya nyumbani

Atazamaye orodha hii kwa jicho la isimu ataona mpangilio. Majina ya vyeo na ya vifaa, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiajemi na Kiarabu: nahodha, serahangi, rubani, usukani, dira, shehena, nauli, bandari. Vitenzi vya kazi, kwa sehemu kubwa, ni vya Kibantu: kutweka, kutua, kubisha, kung’oa, kukumba, kutosa, kupwelewa. Wapo wa kando, kama kusafiri, kuabiri na kukalafati, lakini mwelekeo uko wazi. Biashara ya masafa ilileta vyeo, mikataba na vifaa. Mikono iliyovuta jarari ilisema lugha yake.

Neno pwani linaunga mkono jambo hilo. Limetokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Kitenzi hicho hicho kimezaa kupwelewa, yaani kuachwa na maji mahali pakavu. Jina la makazi na jina la ajali vina mzizi mmoja.

10. Maelezo ya matumizi

Kung’oa nanga na kutia nanga. La kwanza ni kuanza safari, la pili ni kufika na kukaa. Ni sahihi kusema, “Mashindano yameng’oa nanga.” Si sahihi kusema mradi “umetia nanga” kwa maana ya kuanza.

Kwenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo ubavu hadi ubavu. Methali isemayo manahodha wengi chombo huenda mrama haisemi kuwa chombo huzama. Husema kuwa hakina mwendo uliotulia. Kwa shughuli iliyokwisha kuangamia, tumia kuzama au kuvunjika.

Kwenda joshi. Dau la mnyonge haliendi joshi. Wengi hufasiri joshi kuwa ni kasi. Maana ya asili ni kuushindilia upepo, kazi itakayo mikono mingi na tanga zima. Mnyonge huweza kwenda kwa kasi, ikiwa upepo uko nyuma yake. Asichokiweza ni kwenda kinyume cha upepo, na hapo ndipo uchungu wa methali ulipo.

Tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji yaliyoingilia mbele na yaliyoingilia nyuma hukutana chini. Methali hii hutumika kwa watu wanaotangatanga na hatimaye kurudi kwenye asili yao. Hutumika pia kwa kosa ambalo, lianzie kwa mkubwa au kwa mdogo, huwafikia wote.

Kutosa. Ni kutupa shehena baharini ili chombo kipone wakati wa dhoruba. Lugha ya vijana imekifanya kitenzi hiki kuwa kumwacha mpenzi: “Amenitosa.” Maana mpya imehifadhi kiini cha ile ya kale, kwa kuwa kinachotoswa hutoswa ili mwingine apone.

Baharia. Miongoni mwa vijana wa Tanzania hutumika kwa mwanamume mjanja wa mjini. Katika maandishi rasmi libaki na maana yake.

Maneno yenye sura moja. Demani ni kamba na pia ni majira. Dasturi ni mti wa omo na pia ni namna nyingine ya kutamka desturi. Sifa ni mafuta ya papa na pia ni tabia au sifa njema. Kana ni mpini wa usukani na pia ni kitenzi cha kukataa. Kubisha ni kwenda dhidi ya upepo, kupinga kwa maneno na kugonga mlango. Muktadha ndio uamuao, na mhariri asibadilishe neno kabla hajaujua.

Majahazi mengi sasa yana mashine, na tanga hutwekwa pale tu mafuta yanapookolewa. Majina ya vifaa yamehifadhiwa vema katika kamusi, tangu ile ya Krapf ya 1882 hadi za Johnson na Sacleux za 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Vitenzi, na jinsi jina moja linavyotegemea jingine, havikuhifadhiwa kwa kiasi hicho, kwa kuwa jina huweza kuandikwa bandarini na kitenzi huonekana chombo kikiwa katika mwendo. Anayekusanya msamiati huu leo, Lamu, Unguja au kwingineko, asimwulize mzee kitu hiki chaitwaje peke yake. Amwulize pia: upepo ukigeuka, mwamfanyaje, na nani hufanya nini kwanza?